Fisi Aliyepungukiwa na Maji

Jumatatu, 9 Juni

Barua imefika. Bwawa la bustani kuu litafukiwa, pafanywe maegesho ya magari. Kamati itapitisha Ijumaa. Nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Haikubadilika.

Mimi ndiye mtaalamu wa wanyamapori wa bustani za manispaa. Mke wangu huwaambia wageni kwamba kazi yangu ni kulinda kunguru. Sibishani naye, kunguru wapo wengi. Lakini bwawani kuna fisi maji. Kwa asiyejua, huyu si fisi hata kidogo: ni mnyama wa manyoya laini na masharubu, mwili kama wa mbwa wa wastani, anaogelea, anakula kaa na samaki, hana ugomvi na mtu. Namfuatilia huu mwaka wa nne. Nimeona nyayo zake. Nimeona kinyesi chake. Mwezi uliopita nimeona na nyayo ndogo pembeni ya zile kubwa, maana yake ni mama, ana watoto. Yeye mwenyewe sijamwona. Yeye ameniona, sina shaka.

Kanuni za bustani zinasema bwawa lenye mnyama adimu halifukiwi. Basi. Nimeandika taarifa: "Fisi maji ameonekana bwawani." Sikuandika ameonekana na nani. Lugha yetu ina ukarimu huo.

Taarifa nimempa katibu muhtasi aichape, kisha aibandike kwenye ubao wa matangazo. Tunamwita Bibi Nukta, kwa sababu hakuna barua inayopita mezani kwake bila kupunguzwa uzito. Bwana Waridi alikuwa pale pale, amejiegemeza kama mwenye nyumba. Ni mkuu wa watunza maua. Maegesho anayataka kwa sababu ameahidiwa safu ya mawaridi kuyazunguka. Akaniuliza leo taarifa ni ya mavi ya nani. Nikamwambia aisome ubaoni kama wananchi wenzake.

Jumanne, 10 Juni

Ubaoni, kwa herufi kubwa: FISI AMEONEKANA BUSTANINI.

Nimefika kwa Bibi Nukta pumzi zimebaki nusu. Nikamuuliza maji yako wapi. Akaninyooshea kidole birika lililo kwenye kona. Nikamwambia maji ya kwenye taarifa. Akavua miwani. Akasema, baba, mtu akishasema bwawani, maji yamo humo humo. Kuyataja tena ni kumchosha msomaji. Nikamuuliza sasa hilo bwawa lenyewe liko wapi. Akasema wageni hawalijui bwawa, wanaijua bustani.

Yaani maji aliyatoa kwa sababu ya bwawa, halafu na bwawa akalitoa. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya yamemwagwa na mtaalamu.

Nilikuwa nakwenda kulibandua lile tangazo, Mungu ananiona. Njiani nikamkuta askari wa getini amehamishia kiti chake upande wa nje wa geti. Akasema, mzee wangu, mimi niliajiriwa kuzuia wezi wa mabomba, fisi hatukuandikishana. Akaniambia wapima ardhi wa maegesho walifika saa mbili, wakasoma ubao, wakageuza gari bila kuteremka. Dereva wa tingatinga naye amepiga simu. Mgongo umemshika, ghafla.

Nikasimama kidogo. Nikalitazama bwawa. Kimya, matete yanacheza, hakuna mpima wala kamba ya mpima.

Nimerudi ofisini. Tangazo sijalibandua. Sikulibandika mimi.

Jumatano, 11 Juni

Fisi anakua. Asubuhi alikuwa mmoja. Kufikia saa nne walikuwa watatu, na mmoja wao anachechemea. Mama mmoja anayefanya mazoezi bustanini amesema alisikia kicheko nyuma ya choo cha umma. Ninakijua kile choo. Mlango wake ndio unaocheka hivyo, tangu mwaka juzi naomba wautie mafuta.

Mkurugenzi ameniita. Ni mama mwenye sauti ya chini, na kadiri anavyokasirika ndivyo inavyozidi kushuka. Leo nililazimika kuinama. Akaniuliza, wewe ndiye mtaalamu, je, kuna fisi au hakuna?

Hapo ndipo mtu mwaminifu angesema neno moja. Mimi nilisema kwamba kitaalamu siwezi kukana kuwapo kwa fisi wa namna fulani. Akaniuliza ni hatari? Nikasema inategemea wewe ni nani. Nilikuwa nawafikiria kaa.

Bwana Waridi alikuwepo, hakosi. Akasema yeye anazunguka bustani hii miaka kumi na moja na mnyama mkubwa aliyewahi kumwona ni mimi, nikiwa nimelala kifudifudi matopeni. Mkurugenzi hakucheka. Nilimshukuru kimoyomoyo.

Nyumbani, mke wangu ameuliza kama ni kweli kuna fisi. Nikasema yupo wa namna yake. Akanitazama kwa macho yale ya miaka ishirini na sita ya ndoa. Akasema, baba watoto, ukianza kusema "namna" najua umeshaharibu. Nikamwomba chumvi.

Alhamisi, 12 Juni

Nimeharibu.

Mkurugenzi ametoa amri. Kwa usalama wa wananchi, matete yote ya bwawani yatafyekwa na maji yatavutwa kwa pampu Jumamosi saa mbili, fisi asipate pa kujificha. Haisubiriwi tena hoja ya maegesho. Kesho kamati inatia muhuri tu. Nilitaka kulilinda bwawa kwa wiki moja, nimelipunguzia maisha.

Nikaenda kuungama. Nikamweleza yote: si fisi, ni fisi maji, neno liliangukia mezani kwa Bibi Nukta. Mkurugenzi akaniuliza kwa nini sikusema jana. Nikasema jana sikuulizwa hivyo. Sauti yake ikashuka hadi nikabaki kusoma midomo. Bwana Waridi akasema eti fisi wetu amekonda kwa siku moja, kesho tutaambiwa ni panya, keshokutwa ni mdudu. Bibi Nukta akaitwa. Akasema yeye amefanya kazi yake, na kama neno lilikuwa na umuhimu kiasi hicho, mwenyewe angelipigia mstari.

Nimepewa hadi kesho saa tisa alasiri nilete ushahidi mbele ya kamati. Ninao. Nina kinyesi cha miezi miwili chenye magamba ya samaki na vipande vya kaa, kwenye bakuli la plastiki ndani ya friji. Nina plasta ya jasi niliyoimimina kwenye unyayo, ikaganda na umbo lake. Nina picha, sijazitazama bado, za kamera ya mtego, inayopiga yenyewe kitu kikitikisika, niliyoifunga kwenye mti ulioinamia maji. Wacha waje na pampu yao. Mimi nitakuja na sayansi.

Ijumaa, 13 Juni

Saa moja asubuhi nimefungua friji. Bakuli lipo, safi, limejaa nyanya.

Mke wangu amesema alinusa, akajua samaki wale wameoza, akawamwaga, akasugua bakuli kwa maji ya moto mara mbili. Nikamwambia niliandika pale juu USILE. Akasema katika nyumba hii kila kitu unachokipenda umekiandikia usile, mpaka karanga. Karanga ni kweli.

Kwenye kamera, picha mia tatu na kumi na mbili. Mia tatu na kumi ni tete moja, linatikiswa na upepo. Moja ni kidole gumba changu. Ya mwisho ni Bwana Waridi akichota maji ya bwawa kumwagilia mawaridi yake, saa kumi na mbili alfajiri, kwa ndoo ya ofisi. Hiyo nimeiweka akiba.

Nikabaki na plasta. Unyayo wa fisi maji wa hapa kwetu una vidole vitano virefu bila kucha, wakati fisi ana vinne vyenye kucha. Ushahidi unaosimama wenyewe. Nimeuweka mezani mbele ya wajumbe saba. Wakaupokezana. Mjumbe mmoja akauliza, kwa upole kabisa, kwa nini nimewaletea mkono wa mtoto. Bwana Waridi akasema huenda ni wa yule aliyeandika taarifa. Mpaka mhudumu wa chai alicheka.

Nikawaonyesha picha ya ndoo. Nilidhani itasaidia. Mwenyekiti akasema hiyo inathibitisha bwawa lina matumizi ya maji tu, na maji yatapatikana bombani. Kura saba kwa sifuri. Pampu kesho saa mbili.

Jioni nimekaa ukingoni. Kulikuwa na ganda la kaa, bado bichi. Mama alikuwa amekula hapo muda si mrefu, na watoto wake wako mahali fulani ndani ya matete yale, hawajui kura saba ni nini. Nikarudi nyumbani nikamwambia mke wangu kesho nitavaa suruali ya zamani. Akaitoa kabatini, akaishonea kifungo.

Jumamosi, 14 Juni

Ukiyavulia maji nguo, huna budi kuyaoga. Mimi sikuvua. Saa moja na nusu nimeingia bwawani na suruali na viatu, nikaenda hadi maji yaliponifika kiunoni, nikasimama mbele ya mdomo wa mpira wa pampu.

Fundi wa pampu akasema, baba, toka, nina kazi nyingine saa nne. Nikasema washa, uone itakavyonivuta. Akasema mashine hii haivuti mzee, itaziba. Nikamwambia basi ndiyo nia yenyewe. Akakaa juu ya mashine yake, akafungua redio.

Watu wakajaa, kwa mbali, kwa sababu ya fisi. Bwana Waridi akaja na panga la kufyekea, akasimama ukingoni. Akasema nimekuwa kituko, mtu mzima na mvi zangu. Nikamwambia alete ndoo achote, si amezoea. Mkurugenzi akaja. Akasema neno ambalo kwa umbali ule hakuna aliyelisikia, nadhani lilihusu kazi yangu. Nikasema sitoki. Nilisema kwa sauti nzuri pia, nzito. Halafu nikajaribu kuinua mguu nisogee mbele kwa ushujaa zaidi, mguu ukakataa. Tope lilikuwa limeshika viatu vyote viwili. Kutoka hapo hata ningetaka kutii nisingeweza.

Mke wangu akafika na taulo. Akamwambia Mkurugenzi, mama, huyu nimemjaribu kwa miaka ishirini na sita, hang'oki, heri mtafute mpango mwingine. Sijawahi kusifiwa hivyo.

Ndipo Bibi Nukta akaja mbio kutoka ofisini, yeye ambaye hata kengele ya moto huiendea kwa hatua. Alisema maneno marefu, yote kamili, hakupunguza hata moja. Alisema kwamba kwenye kidimbwi cha samaki wa mapambo, mbele kabisa ya dirisha la Mkurugenzi, kuna mnyama wa rangi ya kahawia mwenye masharubu na mkia mnene, amekaa ukingoni, ameshika samaki kwa mikono miwili kama mtu na hindi la kuchoma, anamla kuanzia kichwani, na kwamba pembeni yake kuna wawili wadogo wanaosubiri zamu.

Wakakimbia wote. Mkurugenzi, wajumbe wawili, fundi wa pampu, askari, Bwana Waridi na panga lake. Mke wangu naye. Nikabaki peke yangu bwawani, viatu vimenaswa, nasikia watu wakisema "ala" na "mtazame" upande wa pili wa jengo.

Miaka minne. Wamemwona wote, hadi fundi wa pampu. Mimi nimeona redio yake.

Waliporudi, samaki wa Mkurugenzi walikuwa wamebaki wanne kati ya ishirini. Fundi akanivuta kwa kamba. Mkurugenzi akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, bwawa likikauka mnyama huyu atahamia wapi. Nikasema maji yaliyo karibu ni ya pale dirishani kwako. Akafikiri. Akamwambia fundi afunge mpira wake aende kwenye kazi yake ya saa nne. Akamwambia Bibi Nukta aandike kwamba bwawa linabaki, na matete yanabaki, na kwamba mnyama apewe kila sababu ya kukaa huko huko.

Bwana Waridi alitazama panga lake kama hajui lilifikaje mkononi.

Jumatatu, 16 Juni

Nimepokea barua ya onyo. Nimesoma na kutia sahihi kwamba sitanyamaza tena ninapoona uvumi wa uongo kuhusu wanyama, na kwamba nitasema ukweli wote mara moja, bila "namna fulani". Mkurugenzi alikaa pale hadi wino ukakauka. Mke wangu amesema natumaini umejifunza. Nimemwambia nimejifunza sana. Mafua ninayo hadi sasa.

Nikienda kunywa chai nimepita dawati la mipango, nikaona ramani. Bustani ya mtaa wa juu. Miti yote ya upande wa mashariki imepigwa alama nyekundu, panajengwa kibanda cha tiketi. Mle kuna bundi wanaotaga kila mwaka. Taarifa ingechukua wiki tatu kupita, misumeno inakuja Alhamisi.

Nimekwenda huko kwa miguu. Nimesimama karibu na askari wa lango, nikaitazama miti kwa darubini muda mrefu, nikatikisa kichwa, nikarudi nyuma hatua mbili. Askari akaniuliza, mzee, umeona nini huko juu?

Nikamwambia ni afadhali nisiseme.

Sijavunja ahadi yoyote. Uvumi haujaanza bado. Ukianza tu, nitaukanusha, Ijumaa.