Mtandao Usiopenya Shahada

Jumatatu, 9 Juni

Dai langu ni hili, nami nitalitetea hadi pumzi ya mwisho: mtandao wa nyumbani mwetu unakatika kwa uzembe wa kampuni, wala si kwa kosa lolote lililomo ndani ya nyumba hii. Ijumaa saa nne asubuhi nina usaili kwa njia ya video. Chuo kinatafuta mhadhiri msaidizi, na tumebaki wawili: mimi na mtu mwingine asiyenihusu. Leo nimejipima kwa kumpigia dada yangu. Nilifika kwenye neno “kwanza”. Taa ya ruta ikawa nyekundu. Dada anasema uso uliganda mdomo wazi, kambare mtupu. Mama naye akadai huenda ruta imechoka, maana haijapumzika tangu tuinunue. Imechoka! Nimemweleza kwa dakika arobaini kwa nini chombo hakichoki. Alisinzia kwenye ya kumi.

Jumanne, 10 Juni

Nimepiga simu huduma kwa wateja. Nusu saa ya muziki. Kisha binti mwenye sauti ya asali akauliza kama nimejaribu kuizima na kuiwasha. Nikamuuliza kama amewahi kusoma kifungu cha saba cha mkataba wao. Akasema pole, kaka. Nikamwambia sitaki pole, nataka hoja. Akasema pole sana. Watu hawa wana silaha kali: huwezi kubishana na pole.

Jioni akapita Shoti, fundi redio wa mtaani. Tulikaa dawati moja mpaka darasa la saba, ambapo elimu ilimwacha, au yeye aliiacha, wanahistoria wanatofautiana. Akatazama dirisha la sebuleni, akacheka mpaka akashika mlango. “Msomi, mnara uko upande ule, na wewe umeuzibia kwa bati!”

Bati! Analoliita bati ni shahada yangu. Siku ya mahafali Mama aliapa kwamba mchwa waliokula cheti chake cha ndoa hawataionja hii. Akampelekea fundi wa mageti, naye akaibandika juu ya chuma chenye upana wa mlango wa kabati, kioo mbele, vyote vimekazwa kwa ribiti kumi na sita. Kuta zetu hazishiki msumari, hivyo inaning’inia kwenye nondo za dirisha, na sebule ina dirisha hilo moja tu. Tunawasha taa mchana. Elimu ina gharama zake.

Nimemjibu Shoti kwamba fizikia haifanywi kwa bisibisi. Akasema haya, Dokta, akaondoka akipiga mluzi. Mluzi wa kejeli.

Jumatano, 11 Juni

Majaribio siku nzima. Ruta juu ya kabati: hola. Ruta juu ya friji: hola. Ruta ndani ya kikapu, kikapu kwenye ndoano ya dari: hola, na donge kwenye paji la uso. Nikaegemeza sufuria kubwa nyuma yake ili ikusanye mawimbi. Mama akaja kuidai, akasema nadharia haichemshi maharage.

Nimewaandikia kampuni barua pepe ya malalamiko. Kurasa kumi na moja, tanbihi ishirini na tatu. Haikwenda. Hakuna mtandao.

Alhamisi, 12 Juni

Usaliti! Nilikuwa kwa kinyozi. Niliporudi nilidhani nimekosea nyumba: sebule ilijaa mwanga wa jua. Shahada yangu ilikuwa sakafuni, imegeuzwa uso ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Mama alikuwa akiongea na dada kwa video, saa nzima bila kukatika, wote wawili wakicheka. Shoti alikuwa kwenye kiti changu akinywa chai yangu. Nikauliza bei ya fedheha hii. Akasema hanidai kitu. Nikiwa profesa nimnunulie soda.

Nimewafahamisha kwamba tukio moja si ushahidi. Hata hivyo nimeiacha chini mpaka kesho. Kwa ajili ya mwanga tu. Uso wangu unafaidi mwanga wa asili.

Barua ya kurasa kumi na moja imekwenda yenyewe.

Ijumaa, 13 Juni

Saa nne kamili. Ruta mezani mbele yangu, taa kijani, dirisha mgongoni. Wajumbe watatu. Nilizungumza dakika ishirini. Mwenyekiti alitikisa kichwa mara mbili, na ya pili ilikuwa ya kukubali. Kisha akaniuliza, kwa upole, kama ninayo shahada halisi niwaonyeshe.

Kama ninayo!

Nikasimama. Nikaikumbatia kwa mikono miwili, nikainyanyua mpaka kifuani, mgongo ukiwa dirishani. Mwenyekiti akasema “Tafadha—” akanyamaza. Wote wakanyamaza, hawapepesi hata jicho. Nilielewa: heshima. Nikabaki hivyo, nikitabasamu. Mama alichungulia kutoka jikoni, akanong’ona: “Baba, ishushe. Shusha, mwanangu.” Nikamkonyeza asiniharibie.

Nilipoishusha, taa iligeuka kijani. Wajumbe walikuwa wameshaondoka. Wameacha ujumbe: walisubiri robo saa, watanisikiliza Jumatatu saa tatu, kwa mara ya mwisho, nitafute mahali penye mtandao wa uhakika.

Jumamosi, 14 Juni

Kampuni imejibu. Sentensi mbili! Mawimbi ya mtaa wetu ni mazuri. Je, kuna chuma karibu na kifaa? Ni dhahiri wamekula njama na Shoti.

Huyo naye amefagia pembe ya kibanda chake na kutandika kitambaa mezani ili Jumatatu nisailiwe pale. Mama amenisihi karibu na machozi. Nimekataa. Mhadhiri hasailiwi katikati ya redio mbovu.

Nimepima kila upande, na dai langu limethibitika. Mtandao huu hupita kwenye kuta, kwenye paa na kwenye kichwa cha Shoti bila taabu. Ukifika mbele ya shahada, unasimama. Kosa la nani hilo? Nimeirudisha dirishani na kuiongezea ribiti mbili. Jumatatu nitakaa chini yake, jopo liione tangu mwanzo nisilazimike kuinyanyua.

Kampuni nimeiandikia barua ya wazi, kurasa kumi na tisa. Nilibonyeza kutuma saa tatu asubuhi. Sasa ni saa kumi na mbili jioni na kiduara bado kinazunguka. Waeleze umma kwa nini mtandao wao hauwezi kukaa chumba kimoja na elimu. Pole zao wabaki nazo. Nataka jibu, na liwe la hadharani!