Malalamiko Dhidi ya Mpishi Anayewaamkia Wanafunzi

Kwa Mwalimu Mkuu,
Shule ya Kulinganishia.

Nakuamkia kwa heshima zote, nikitumaini kwamba wewe, walimu wako na kengele yenu mpya hamjambo.

Mimi ni Msaidizi wa Utafiti, mhitimu wa shahada ya kwanza (daraja la juu), katika mradi wa kuzuia uvutaji wa sigara shuleni. Kama unavyokumbuka, mradi una shule mbili. Shule ya ng'ambo ya barabara inapewa kinga: masomo saba, vijitabu, mabango ya mapafu na fulana. Shule yako haipewi chochote, na hiyo ndiyo heshima yake. Kazi yenu ni kubaki kama mlivyokuwa, ili mwishoni tuone tofauti. Ulitia saini kwa mkono wako kwamba hamtafanya lolote.

Kwa masikitiko nakuarifu kwamba shuleni kwako kuna mtu anafanya jambo. Ni mpishi wenu, yule ambaye wote humwita Mama Upawa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Anazuia uvutaji bila kibali. Mwanafunzi anyooshapo sahani kwenye dirisha la jiko, mama huyu hunusa vidole vyake. Vikinuka sigara, hamkaripii wala hamleti kwako. Huweka upawa chini, hupiga goti, na kusema kwa sauti ya kufika mwisho wa foleni: "Shikamoo, babu!" Mwanafunzi ana miaka kumi na minne, mama ana wajukuu. Kisha huongeza: "Jamani, mpisheni babu akae kivulini. Wazee wa sigara hawapangi foleni na watoto. Babu, meno yatakiweza chakula hiki, au nikupondee?" Hakuna fomu ya ridhaa iliyojazwa. Kamati ya maadili haijapata kuliona goti hilo.

2. Njia yake haina maandishi. Nilimwendea kwa adabu, kalamu mkononi, nikamwomba mwongozo. Alijibu: "Mwongozo gani tena, babu? Uso umeumbwa na haya. Nyie mnayahubiria mapafu, mimi naongea na uso." (Sababu ya kuniita hivyo haihusiani na barua hii.)

3. Matokeo. Hapa ndipo kitumbua chetu kilipoingia mchanga. Katika kipimo cha kwanza, shule ya ng'ambo ilikuwa na wavutaji thelathini na mmoja, na yako ishirini na tisa. Katika kipimo cha pili, kwako wamebaki sita. Ng'ambo wamekuwa thelathini na wanne. Hao watatu walioongezeka walieleza, kwa unyoofu unaostahili pongezi, kwamba hawakujua sigara zina aina nyingi hivyo mpaka somo la nne. Asiyeelewa takwimu anaweza kulisoma jedwali langu akadhani kwamba vijitabu vinawasha na upawa unazima! Na jedwali hilohilo ndilo Mtafiti Mkuu atakalolitazama kabla ya kuamua kama anipendekeze kwa masomo ya uzamili. Aliniambia hayo kwenye ngazi za nje, mahali anapotafakari na sigara yake: "Kijana, niletee tofauti, nami nitakuandikia barua." Tofauti ninayo, Mwalimu Mkuu. Imeelekea upande mbaya.

4. Uambukizo. Sasa wanafunzi wanaamkiana wenyewe kwa wenyewe. Juma lililopita mwalimu wenu wa hisabati, akitokea nyuma ya stoo, aliamkiwa "Shikamoo, babu!" na darasa zima likiwa limesimama. Yeye hayumo hata katika sampuli.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, Mama Upawa apewe mapumziko hadi kipimo cha tatu kipite, mwezi ujao. Ikishindikana, awaamkie wanafunzi wote bila ubaguzi, ili shikamoo yake iishe makali. Wale ishirini na watatu walioacha, sisemi warudie, maana mimi ni mtu wa afya. Nasema tu kwamba hapakuwa na haja ya haraka. Na kama yote hayo ni mazito, basi ahamishiwe jikoni kwa shule ya ng'ambo, avishwe fulana yetu, apige magoti huko, ili mafanikio yatokee mahali yalipopangiwa. Barua ya uhamisho nimekwisha kukuandalia. Inangoja saini yako tu.

Nifikishie salamu kwa makamu wako, kwa katibu muhtasi aliyenipa kiti chenye miguu yote minne, kwa mlinzi wa lango, na kwa wale sita wanaoendelea kuusaidia utafiti.

Wako katika kuitumikia sayansi,
Msaidizi wa Utafiti (Shahada)

Baada ya saini: Siku ya kipimo cha pili, kwa kufuata kanuni, nilikipuliza mimi kwanza kile kifaa cha kupimia pumzi, wanafunzi waone kwamba hakiumi. Kikasoma kumi na tisa; kwa asiyevuta hakipiti sita. Foleni nzima iliona. Mchana nilipofika dirishani na sahani, mara yangu ya kwanza kula kwenu, Mama Upawa alipiga goti. Nami, mhitimu, kwa mazoea ya adabu, nikaitikia: "Marahaba." Walicheka hadi masufuria yakavuma.

Leo ni siku ya kumi na tatu sijavuta. Asubuhi kifaa kimesoma mbili. Mchana mama amevinusa vidole vyangu, akavinusa tena, akanitazama. Nikamuwahi: "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sogea, wenzako wana njaa."

Hayo ya juu niliyaandika siku kadhaa zilizopita; sasa barua ya uhamisho naomba uichane. Jedwali nimelipeleka kama lilivyo. Mtafiti Mkuu amekasirika, na atakuja kwenu mwenyewe Jumatano kutafuta kosa liko wapi. Nimemwambia asihangaike kubeba chakula. Atapata hapohapo dirishani.