Mkeka Nilioukalia Nikitoa Darsa

Leo wajukuu wamenifumania nikipekua mkeka wa watu. Tumekaribishwa kwa jirani, nami kabla ya kukaa nikapindua pembe. "Babu, unatafuta nini?" Haya, niwaambieni nyote.

Ilikuwa mwisho wa miaka ya hamsini, Tibirinzi. Ndiyo kwanza nimetoka sekondari, nimepata ukarani kwa kadhi. (Kalamu mbili mfukoni. Moja haina wino.) Yakasomwa maulidi nyumbani kwa sheha. Kesho yake mkeka wa mama hauonekani. Nikakumbuka kumwona jirani yetu, Mzee Faki, akitoka kwenye maulidi na mkeka kwapani. Nikatangaza dukani: mwizi kapatikana!

Mzee Faki ndiye aliyekuwa akituadhinia. Akaacha. "Mwenye tuhuma hawaiti wenzake kusali," alisema. Siku tatu hatukuisikia sauti yake. Mimi? Nilijiona shujaa!

Siku ya nne sheha akatuita uani kwake, mimi, mama na Mzee Faki, akatandika mkeka, tukakaa. Mzee Faki akauleta ule wa kwapani. Mkuukuu, una kiraka. Si wa mama.

"Basi, Faki hana neno," sheha akasema.

Laiti ningenyamaza! Lakini elimu iliniwasha.

"Haitoshi, Sheha. Kwa kadhi tunasema mtu amepata baraa. Ni Kiarabu, maana yake kuvuliwa lawama. Asili yake ni mgonjwa kupona maradhi. Na hutamkwa mbele ya watu, si chinichini." (Nilinyoosha na kidole. Nakikumbuka kile kidole.)

Mama alikuwa mlangoni na birika la kahawa. Hakunitazama mimi. Alitazama nilipokaa.

"Hebu nyanyuka, weye."

"Mama, naeleza sheria."

"Nyanyuka!"

Akapindua pembe. Mkeka ulitandikwa uso chini! Upande wa pili, ukili uliosukwa mwekundu na mweusi, kazi ya mikono yake.

"Si ulijitwika mwenyewe ukauleta kwenye maulidi? Nani aliurudisha?"

Lahaula! Hakuna. Nimeukalia, namshitaki mtu.

Sheha alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Mzee Faki hakucheka.

"Mwanangu, umesema baraa ni kupona?"

"Ndiyo, mzee."

"Na aliyeniambukiza, dawa yake nini?"

Nikaenda dukani kwa miguu yangu, nikasema mbele ya watu wale wale: Mzee Faki ana baraa, mkosa ni mimi, mkeka nilikuwa nimeukalia. Walicheka hata wakashikana mabega. Mimi machozi yalinitoka, kwa zile siku tatu nilizomnyamazisha.

Alasiri ile Mzee Faki akaadhini. Nilifika msikitini wa kwanza, nikabaki nimesimama mlangoni kama mgeni. Akanipapasia nafasi ubavuni pake.

"Njoo ukae hapa, mwanangu. Ila angalia kwanza unakalia nini."

Mpaka leo naangalia. Mnaocheka, chekeni kwa stara.