Malalamiko Kuhusu Joto Lisilokubalika Angani

Kwa Ndugu Watengenezaji wa Mchezo wa Vyombo vya Angani,

Natumaini hamjambo, na ofisini kwenu feni inazunguka. Mimi ni fundi wa friji, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Naandika kwa heshima zote, ingawa mchezo wenu, tunaoucheza familia nzima nikiwa nahodha, umeniumbua mbele ya mama mkwe.

1. Angani kuna baridi kuliko friji yoyote niliyowahi kufungua. Iweje chombo changu kichemke? Maelezo yenu yanadai huko hakuna hewa ya kubeba joto, eti lazima litoke nje kupitia mabawa ya kupozea. Haya. Lakini mabawa yakiwa wazi yanaonekana kama nguo zilizoanikwa mbele ya nyumba, nami napenda unadhifu. Nikayakunja.

2. Joto likapanda. Nikawasha vipoza-hewa vyote kumi na viwili, likapanda maradufu. Hilo ni tusi kwa taaluma yangu.

3. Nikazima taa, jiko, na mwisho mashine ya oksijeni. Wanaanga wakaanza kunung'unika. Watu hawana shukrani.

4. Nikafungua milango ili baridi iingie. Baridi haikuingia, wanaanga tisa ndio waliotoka. Shemeji yangu alicheka mpaka akakaa sakafuni.

5. Sasa familia imempa mama mkwe unahodha, mimi nimepangiwa kufagia ghala la mizigo. Mama wa watu hajawahi hata kushika bisibisi! Jumapili kuna safari kubwa, na mke wangu ameshasema anakwenda na mama yake. Nimeumia, siwafichi.

Kwa hiyo naomba mfunge feni kubwa nje ya chombo kabla ya Jumapili, na mniandikie barua ya kunisafisha, yenye mhuri, niibandike sebuleni.

Wasalimieni wenzi wenu, watoto, na mlinzi wa getini.

Wenu katika ubaridi,
Nahodha (aliyesimamishwa kwa muda)

Nyongeza: Mama mkwe ameisoma barua hii, kisha akaniuliza kwa upole kwa nini kila mteja namwambia asibananishe friji na ukuta. Nikaanza kumfundisha kwamba joto la ndani hutolewa kwa nyuma, kwenye vile vibomba, na likikosa pa kwenda... Sikumaliza sentensi. Mabawa nimeyafungua, chombo kimepoa, na ufagio nimeshauchukua. Puuzeni barua yote, isipokuwa salamu.