Mheshimiwa wa Mfuko wa Shati

Jumatano, 11 Juni 2025

Siku kubwa! Baba yake Jacqueline amekubali kuniona. Jumapili baada ya misa, chakula cha mchana, nyumbani kwao Nakwa. Jacqueline anasema niende nilivyo. Nilivyo! Nilivyo ni Severine, muuza mbegu katika duka la pembejeo jirani na soko, miaka thelathini na tatu, mashati mawili ya maana. Mzee Amedeus akinikataa, barua ya posa nikafungie karanga.

Kinachoniuma ni Rogath, fundi simu wa kibanda cha mbele yetu. Mama Jacqueline alipeleka simu yake pale kutengenezwa, akarudi akimsifu kuwa ni kijana anayetafutwa na watu. Simu ya Rogath haipumziki. Yangu huita mara moja kwa siku, na ni bosi anauliza kama nimefunga stoo.

Lakini nimepata dawa. Kuna programu. Unaandika jina la mpigaji, unaitikisa simu mfukoni, inaita yenyewe. Hakuna anayepiga! Nimeandika: Mheshimiwa Mkurugenzi. Mkurugenzi wa nini, sikuandika. Wajaze wenyewe.

Alhamisi, 12 Juni

Majaribio dukani. Alikuja Mama Noela wa Nangara kuulizia mbegu ya mahindi. Nikajitikisa. Ikaita. Nikapokea, nikaagiza mafaili yaletwe kesho asubuhi bila kukosa. Mama Noela akanisalimia upya, safari hii kwa adabu.

Kasoro moja: kujitikisa kunaonekana. Aliniuliza kama nimeingiliwa na viroboto. Nikaenda kwenye mipangilio, nikaweka mtikiso mwepesi kabisa. Sasa hata pumzi kubwa inatosha. Nikajipongeza kwa kujipiga kifua. Ikaita.

Jumapili, 15 Juni

Sijui nianzie wapi.

Misa ilikwenda vizuri hadi padri aliposema tutakiane amani. Simu ipo mfuko wa shati. Nikampa mkono aliye kulia, nikampa aliye kushoto, nikageuka nyuma. Huku kwetu amani haitolewi kwa vidole. Mkono unashikwa, unatikiswa mpaka bega linajua. Ikaita. Kwa nguvu zote, kanisa zima! Ningeizima tu. Lakini nimefanya mazoezi siku nne, mkono ukaenda wenyewe. Nikapokea. Nikasema Mheshimiwa, niko ibadani, mafaili yasubiri. Padri akanitazama. Kwaya nayo ikanitazama. Jacqueline, sauti ya pili, mstari wa mbele, akatazama viatu vyake.

Hapo mtu mwenye akili angeifuta programu. Mimi nilijiambia kwamba sasa Mzee ameshasikia kuwa natafutwa, kazi nusu imekwisha.

Mezani Mzee Amedeus alikuwa mpole kuliko nilivyoogopa. Akasema mbaazi zake za Bonga zinakauka moja moja zikiwa na maua, na mimi ndiye mtu wa mbegu, je, ni ugonjwa gani? Jambo ninalolijua kuliko jina langu! Nikafungua mdomo. Ikaita. Nikatoka nje, nikazungumza na Mheshimiwa.

Nikarudi. Mzee akauliza tena habari za mbaazi, kisha akatania kwamba labda zimesikia zinakaribia kuuzwa, zikaamua kufa. Nikacheka. Nikicheka, kifua kinaruka. Ikaita.

Ilipoita mara ya tatu, Mzee alininyooshea mkono. Alisema ana hamu ya siku nyingi ya kuzungumza na mkubwa yeyote kuhusu kalavati lililobomoka njia ya kwao, basi nimpe huyo Mheshimiwa dakika moja tu. Ningefanya nini? Akachukua simu, akatoa shikamoo. Akasubiri marahaba. Akatoa tena shikamoo. Mzee wa miaka sabini, anaamkia hewa! Nilitamani ardhi ipasuke.

Akaitazama simu. Miwani hakuwa nayo, akaipeleka mbali, akailaza upande. Na simu ukiilaza upande, nayo inageuza kioo, maandishi yanakuwa makubwa. Ikaonesha ukurasa ambao sijawahi kuuona, maana mimi huishika wima. Mzee akausoma kwa sauti, polepole, kama anasoma somo kanisani: Umejipigia simu mara sitini na tatu wiki hii. Mpigaji: Mheshimiwa Mkurugenzi. Hongera. Tikisa ujipigie tena.

Mama Jacqueline akaweka upawa chini. Jacqueline akaanza kukusanya sahani ambazo bado zilikuwa na chakula. Niliumbuka. Nimeandika neno hilo mara moja, lakini lilinipata tangu Nakwa hadi kitandani.

Jumatatu, 16 Juni

Nimefungua duka mlango mmoja. Rogath amepita, akasimama wima, akanipigia saluti. Kumbe habari zimeshafika.

Saa sita Jacqueline akanitumia ujumbe. Anasema baba yake hakuudhika kwa sababu ya Mheshimiwa. Amewahi kuona vijana wakidanganya makubwa zaidi. Kilichomuuma ni kwamba aliniuliza swali la mbaazi mara mbili, kwa dhati, na sikumjibu. Jumamosi niende shambani Bonga nikalijibu. Simu niiache nyumbani.

Nilisoma nimejificha nyuma ya magunia ya mbolea, machozi yakanitoka. Naona aibu mpaka masikio yanawaka moto. Nimeifuta programu. Nimeapa: ujanja basi.

Ijumaa, 20 Juni

Rogath ana saa ya mkononi yenye laini yake, ukiinua mkono inawaka. Kaniazima kwa kejeli, lakini kaniazima. Mzee alikataza simu. Saa hakuitaja. Mtaalamu anayekagua shamba bila kutazama saa, nani atamheshimu? Ilidai namba ya mtu wa karibu ndipo ikubali kuwaka. Nimeweka ya Jacqueline. Nimejisikia kama mume.

Jumamosi, 21 Juni

Mwanzo ulikuwa mzuri, Mungu ni shahidi yangu. Nilimjibu Mzee kila kitu. Ni mnyauko, uko ndani ya udongo. Ang'oe zilizokauka achome, eneo lile apande mahindi misimu kadhaa, halafu nitamletea mbegu inayovumilia. Mzee akatikisa kichwa kukubali. Akaniita mwanangu. Mwanangu!

Pale ndipo ningenyamaza. Nikataka kumwonesha mzizi wenye ugonjwa. Nikavuta shina kwa nguvu za kiume, likatoka kirahisi, nikakaa chini puu. Saa ikalia kama gari la wagonjwa. Nikatikisa mkono inyamaze, nayo ikazidi. Kumbe ni saa ya kulinda wazee! Ukianguka inahisi, na ukitapatapa inaamini unakata roho. Ikamtumia Jacqueline ujumbe: Severine ameanguka. Hajibu.

Mzee simu hana tabia ya kubeba. Tukasubiri tu, mimi nikiibonyeza saa, yeye akinitazama.

Jacqueline alifika kwa bodaboda, ametoka kwenye cherehani yake. Futi ya kushonea ilikuwa bado shingoni, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna. Alikuwa analia. Akanikagua kichwa, mikono, magoti. Kisha akaiona saa. Akanivua saa hiyo, akaniwekea kiganjani, akanifunga vidole kimoja kimoja. Angenitukana ningeshukuru.

Mzee Amedeus alisema shauri langu la mbaazi ni zuri na atalifuata. Barua ya posa nisiilete kwanza. Binti yake amekuja akidhani anakuja kuchukua maiti. Tutaongea baada ya mavuno, kama Jacqueline mwenyewe atataka tuongee.

Nilirudi Babati kwa miguu. Kila aliyenisalimia niliona kama anajua.

Jumapili, 22 Juni

Sikwenda misani. Ningetakiana amani na nani kwa sura hii? Nimeshinda ndani. Nimemliza binti wa watu kwa sababu ya kutaka kuonekana. Alikuwa ameshaniambia niende nilivyo. Aliyekuwa hanitaki nilivyo ni mimi peke yangu. Nimeona aibu ya kweli, ile isiyohitaji mtu wa kukutazama.

Jioni akili imetulia. Nimefikiri vizuri. Hivi, alikuja na kiatu kimoja! Nani anakimbia na kiatu kimoja kwa mtu asiyempenda? Mapenzi yapo, na Mzee ameyaona kwa macho yake. Kilichoharibu ni kwamba sikuwa nimeumia. Angenikuta na jeraha, hata dogo, sasa hivi tungekuwa tunapanga tarehe.

Ijumaa wanakwaya wanatoka mazoezini saa kumi na moja. Ngazi za kanisa ziko saba. Rogath hajaidai saa yake. Nitaanzia ngazi ya tatu, niangukie upande wa sauti ya pili.