Jiko la Idara na Sufuria ya Zipporah

Siku Zipporah alipozikwa kwao Jilore, Idara ya Mpangilio wa Viti vya Hadhara, tawi la Malindi, iliutangazia umma kwamba chai ya saa nne imesitishwa kwa sababu za kiufundi. Sababu zenyewe zilikuwa zimekwisha kufukiwa, na Dorcas wa masjala aliposoma tangazo hilo ukutani, viatu vyake vilikuwa bado na udongo wa huko.

Zipporah ndiye aliyekuwa mpika chai. Alikuwa na jiko la makaa, kipepeo cha ukili na sufuria moja kubwa iliyobonyea kitako. Kikombe cha mwisho alimwekea Dorcas kila siku. "Kunywa, dada," angesema. "Hiki cha chini ndicho chenye tangawizi."

Mkurugenzi, Bwana Rashad, alitambua kwamba Idara imepatwa na pengo la kitaasisi. Akaunda Kamati ya Jiko Dogo.

Kamati ilifanya kazi bila kusinzia, isipokuwa mchana. Chumba cha chai kilikuwa chembamba, aliyeingia hana budi kutoka kinyumenyume, kwa hiyo wajumbe walikwenda kukipima kwa zamu. Ngala wa uhasibu alitaka jiko la umeme la pleti mbili, "moja ya chai, moja ya heshima." Likapita la pleti moja, kwa hoja kwamba nyaya za jengo hazikuweza kubeba jiko kubwa pamoja na kiyoyozi cha Mkurugenzi, na kiyoyozi kilikuwa na cheo zaidi.

Jiko likaja na kisufuria chake bapa, cha vikombe viwili. Ukafuata waraka. Jiko lisichomekwe kwenye soketi moja na kitu kingine. Lisimwagiwe maji likiwa moto. Lipanguswe likishapoa, na pleti ipakwe mafuta kidogo, maana hewa ya chumvi hula chuma. Hadi hapo waraka ulikuwa na akili, jambo lililowatia watumishi wasiwasi. Ndipo ukaendelea: jiko lisiguswe na yeyote asiyehitimu mafunzo ya utunzaji wake, na vyombo vyote vya enzi ya makaa viuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu Ijumaa.

Mafunzo yalifanyika Mtwapa, hotelini, yenye posho. Mkurugenzi alipeleka jina moja, lake. "Sikutaka kuwachosha watumishi," alieleza. Akarudi na cheti, akakitundika juu ya kiti chake.

Dorcas akaenda kumwona.

"Bwana Mkurugenzi, naomba ile sufuria isiuzwe."

"Kitako chake si bapa, Dorcas. Haikai juu ya pleti."

"Kitako hunyooshwa."

"Na huzuni je? Serikali haina kasma ya huzuni."

Dorcas akasema ahsante. Jioni aliifunika sufuria kwa leso, akaipeleka kwa fundi bati, ikagongwa mpaka ikatulia sakafuni bila kuyumba. Akairudisha na kuisukuma chini ya meza yake, nyuma ya mafaili. Kama Ijumaa ingemkuta, ingemkuta ameikalia.

Alhamisi akafika Mkaguzi Mkuu, Bi Hafswa, na msafara wake.

"Shikamoo, Bi Mkubwa," ikamwamkia ofisi nzima.

"Marahaba. Chai iko wapi? Koo limenikauka tangu Mombasa."

Mkurugenzi akageuka. "Dorcas, pika chai."

"Sijahitimu, Bwana."

"Ngala!"

"Mimi hukutaka kunichosha, Bwana."

Bi Hafswa akavaa miwani, akausoma waraka ukutani taratibu, kama mtu anayesoma hati ya shamba lake.

"Basi nani kahitimu?"

 Mlango wa Mkurugenzi ulikuwa wazi, na cheti kilikuwa kikubwa.

"Umma umegharamika kukufunza, Bwana Rashad," akasema Bi Hafswa. "Sasa umma una kiu."

Mkurugenzi akakizima kiyoyozi, kwa ajili ya nyaya, akakunja mikono ya shati, akaingia. Punde akachungulia, jasho likimtiririka.

"Hakuna chombo kikubwa?" alinong'ona.

"Kipo, Bwana," akasema Dorcas. "Ila waraka umekifuta."

Mkurugenzi akatoka kinyumenyume, akachukua kalamu, akaukata mstari wa vyombo warakani kwa mkono wake, wageni wakitazama. Dorcas akainama, akaitoa sufuria. Ilikaa juu ya pleti kama iliyozaliwa hapo.

"Tangawizi hutiwa lini?"

"Kabla ya maziwa, Bwana. Na mpishi haondoki."

Bi Hafswa alikunywa, akatangaza kwamba hajaona pwani yote utumishi ulioshuka hivi kwa wananchi, akaagiza uendelee mpaka ahitimu mtu mwingine. Mafunzo mengine hayajapangwa. Kasma yake iliishia Mtwapa.

Siku hizi chai huiva saa nne. Mkurugenzi huipika, na pleti ikipoa huipangusa na kuipaka mafuta. Dorcas hunywa kikombe cha chini, kisha huiosha sufuria mwenyewe.