Pleti Iliyoandikwa DAMU

Jumanne, 2 Septemba 2025

Siku ya kumi na moja kwenye kochi la rafiki yangu Okech, hapa Alby, Sweden. Kochi fupi, mimi mrefu. Miguu inalala nje ya nchi. Mke wangu Benedicta kanitoa nyumbani kwetu Rågsved kwa sababu ya yale maboya mia ya kuogelea niliyonunua kwa jumla. Eti mlango wa stoo haufungi.

Leo kapiga simu. Moyo ukaruka! Kumbe anaulizia ufunguo wa stoo. Ila kaongeza neno. Yeye ndiye mwenyekiti wa mchango wa friji la kutunzia damu, kituo cha afya cha kwao Kasulu, kwa ajili ya watoto wa selimundu. Lililokuwepo limekufa. Kasema nikileta kitu cha maana kwenye mnada wa kanisani tarehe 28, tutazungumza habari za kurudi nyumbani. Kitu cha maana. Karudia mara mbili.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimepata! Nimeona video ya Marekani. Kule watu wananunua pleti za namba za gari zenye alama ya ugonjwa, saratani, moyo, na sehemu ya hela inakwenda kusaidia wagonjwa. Hapa Sweden za magonjwa hakuna. Ila ukilipa ofisi ya magari wanakuandikia neno lako, mwisho herufi saba, na nchi nzima hakuna mwingine mwenye nalo. Nimeomba DAMU. Ada nimeipata kwa kuuza matairi yangu ya baridi, yale ya kuendeshea kwenye theluji. Jua linawaka, baridi ya nini?

Okech ni Mkenya, kazi yake kukatisha watu tamaa. Kauliza kama hiyo ada inaenda kwenye friji. Nikasema hapana, inaenda kwa serikali ya Sweden. Kauliza kama serikali ya Sweden inaugua selimundu.

Hajui mnada wetu. Kanisani kwetu Watanzania, mtu ananunua yai, analirudisha, linauzwa tena. Yai moja linaezeka paa. Sasa pleti je? Itauzwa, itarudishwa, itauzwa, itarudishwa, mwisho naifunga kwenye gari langu, Saab, naondoka na mke wangu. Hii akili nimezaliwa nayo, maana shule niliishia la tano.

Jumatano, 24 Septemba

Pleti zimefika, ya mbele na ya nyuma. Nusura nilie. Zile za zamani nimezitupa kwenye pipa la vyuma. Karatasi inasema hizi ni za gari langu tu, hakuna kumpa mtu. Sawa. Si zitarudi?

Jumapili, 28 Septemba

Nimekwisha.

Ilianza vizuri. Nilifika na Saab, nikazifungua pleti, nikaziweka mezani. Nathaniel, fundi umeme, kanunua, kalipa kwa simu palepale, karudisha kwa Bwana. Vigelegele. Mama Ziada kanunua, kalipa, karudisha. Benedicta katabasamu. Kwangu! Mara ya kwanza tangu maboya.

Kisha kasimama Callixte. Mrundi, suti ya kijivu, yule ambaye kila Jumapili anambebea Benedicta mfuko. Kataja bei, kanisa zima likageuka kumtazama. Kasema atalipa mwisho wa mwezi ujao. Tukangoja arudishe. Kaweka pleti kwapani. Nikamtania kwamba wenzake huwa wanamrudishia Bwana.

"Kaka Damian," kasema taratibu, "mimi nimenunua."

Katoka nje na bisibisi, kuzifunga kwenye gari lake.

Benedicta kanishika mkono, kasema kumbe nikitaka naweza. Ningemwambia nini? Kwamba nimeuza kisichouzika? Nimerudi Alby kwa treni. Saab iko pale kanisani, haina namba mbele wala nyuma, kama mtu aliyeibiwa suruali.

Ijumaa, 3 Oktoba

Barua. Faini ya maegesho, mtaa wa Södermalm, gari lenye pleti DAMU. Sijafika Södermalm tangu Pasaka! Mtu kachukua pleti zangu, kabeba mfuko wa mke wangu, na maegesho namlipia mimi.

Nimempigia simu nimwombe azilete kidogo. Nikasema nataka kuziosha. Kasema nisijisumbue, anaziosha mwenyewe kila asubuhi.

Jumatano, 8 Oktoba

Polisi wamemsimamisha Callixte karibu na uwanja wa Globen. Ndani ya gari, Benedicta na akina mama wawili wa kwaya, wanakwenda kutoa damu. Polisi kauliza pleti za gari la mtu mwingine kazipata wapi. Callixte hajui kudanganya. Kasema kazinunua kanisani. Polisi kamwita mwenzake aje asikie mwenyewe.

Baadaye wakanipigia mimi. Nimeongea Kiswahili mpaka wakakata.

Binti yetu Whitney kanitumia ujumbe. Neno moja tu, la Kiswidi. "Pappa."

Jumapili, 12 Oktoba

Nimekwenda kanisani kuomba radhi. Callixte kafutiwa ahadi yake. Ila hela ya Nathaniel na ya Mama Ziada, pamoja na sambusa za akina mama, imetosha. Benedicta kanionyesha picha kwenye simu. Friji jeupe, taa ya kijani inawaka, nesi kasimama pembeni kama bibi harusi. Nimeitazama sana. Nikamwuliza, basi mke wangu, friji si limeshafika, na mimi je?

Karudisha simu kwenye mkoba.

"Friji limefika Kasulu, Damian. Wewe hata Rågsved hujafika."

Kaingia kwenye gari la Callixte. Lina pleti zake za zamani. Yeye hakutupa.

Kwenye treni nimewaza kutoka kituo cha Slussen mpaka Alby. Kosa nimeliona. Pleti haina kosa. Kosa ni kumuuzia mtu asiyejua kurudisha. Safari hii Watanzania watupu, na ugonjwa wenye watu wengi zaidi. SUKARI. Herufi sita, inaenea! Benedicta mwenyewe atakuja kunichukua hapa.

Ombi nimeshatuma. Pleti zitafungwa kwenye gari la Okech. Ada imetokana na matairi yake ya baridi.

Nitamwambia theluji ikianguka.